"Nina aleji na penisilini": ulipimwa lini?
Mama yangu mdogo wa Pasua, hapa Moshi, ana daftari la kliniki lenye wino mwekundu: "Mzio wa penisilini." Alitoka vipele utotoni, basi. Miaka 40 sasa anaikwepa.

Wengi tunaamini aleji hiyo ni ya kudumu. Sivyo. Kati ya watu 10 wanaosema wanayo, takriban 9 wakipimwa huonekana wanaweza kuitumia salama. Vipele vya utotoni mara nyingi huletwa na virusi vya ugonjwa wenyewe, na hata mzio wa kweli mara nyingi hufifia kadiri miaka inavyopita.

Kipimo huanzia kwenye ngozi ya mkono. Mtaalamu anaweka tone la dawa, anachoma juu juu, mnasubiri dakika 15 hadi 20. Kikitokea kiuvimbe chekundu kinachowasha, mnaishia hapo. Pakiwa shwari, anaingiza dawa kidogo ndani ya ngozi. Pakiwa shwari tena, unameza amoksilini, dawa ya jamii ya penisilini, ukiangaliwa kwa saa moja hivi, adrenalini, sindano ya kutuliza mzio mkali, ikiwa tayari mezani. Tafadhali, usijijaribie nyumbani! Na aliyewahi kubabuka ngozi au kutoka malengelenge mdomoni kwa sababu ya dawa hiyo hapimwi hivi kabisa.