Chipukizi wa Benchi katika FPL: Dhana Potofu Zinazowagharimu Mameneja Pointi

Kila mara kinda anapoingia uwanjani dakika za mwisho na kufunga, mameneja ninaowashauri katika Fantasy Premier League (FPL), mchezo wa mtandaoni ambamo unaunda kikosi cha wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya Uingereza na kuvuna pointi kwa wanachofanya uwanjani, huniuliza swali lilelile: nimchukue sasa, kabla wengine hawajamgundua? Swali lenyewe halina ubaya wowote. Ubaya umo katika hesabu inayolizaa, na kwa kuwa hesabu hiyo nimeisikia mara nyingi mno, nimeona afadhali niijibu kwa kirefu hapa, kisha nizigusie kwa ufupi dhana nyingine zinazoandamana nayo.

Dhana: "Anafunga akitokea benchi, basi akianza atafunga maradufu."

Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote, kwa sababu huja ikiwa imevaa nguo za takwimu. Meneja huchukua mabao 2 ya chipukizi aliyecheza dakika 60 kwa jumla, akayagawanya, akapata wastani wa mabao 3 kwa kila dakika 90, na akaamini kwamba amegundua hazina. Wastani huo ukiuendeleza kwa mechi zote 38 za msimu unapata mabao 114, ilhali rekodi ya msimu mmoja wa Ligi Kuu ya Uingereza ni mabao 36 aliyofunga Erling Haaland mwaka 2022/23. Hesabu inayotoa jibu la namna hiyo haimpimi mchezaji. Inapima bahati ya dakika chache.

Zaidi ya uchache wake, dakika za benchi ni dakika za aina nyingine kabisa. Kinda anapoingia dakika ya 75, mabeki wa timu pinzani wamekwisha kukimbia zaidi ya saa nzima, mchezo umefunguka kwa sababu upande mmoja unasaka bao, na nafasi nyuma ya mabeki zimekuwa pana. Akianza, atakabiliana na ukuta uliopangika, wenye pumzi, na uliokaa wiki nzima ukimsoma. Tangu msimu wa 2022/23, Ligi Kuu iliporuhusu mabadiliko ya wachezaji watano badala ya watatu, vijana wengi zaidi wanapata vipande hivi vya mwisho wa mechi, na kwa hiyo takwimu za kupotosha nazo zimeongezeka.

Mwenye shaka amkumbuke Federico Macheda. Tarehe 5 Aprili 2009 aliingia akiwa na miaka 17 katika mechi yake ya kwanza ya Manchester United, akafunga bao la ushindi dhidi ya Aston Villa katika dakika za nyongeza. Wiki hiyohiyo aliingia tena dhidi ya Sunderland na kufunga kabla dakika moja haijatimia. Kwa hesabu ya wastani, hapakuwa na mshambuliaji kama yeye duniani. Hata hivyo hakuwahi kuwa mchezaji wa kudumu wa kikosi cha kwanza cha klabu hiyo. Agosti 2025 tuliyaona tena kwa Rio Ngumoha wa Liverpool, aliyeingia dhidi ya Newcastle dakika ya sita ya nyongeza na kufunga bao la ushindi dakika ya kumi ya nyongeza, siku chache kabla ya kutimiza miaka 17. Lilikuwa bao zuri na la kihistoria, na nilimfurahia kwa moyo wote, lakini kwa meneja wa FPL lilisema machache sana kuhusu Jumamosi iliyofuata.

Kuna jambo la pili ambalo mameneja wengi hulisahau, nalo limo katika kanuni za mchezo wenyewe. Mchezaji akicheza chini ya dakika 60 anapata pointi 1. Akifikisha 60 anapata 2. Lakini kanuni inayoumiza ni ile ya mabadiliko ya moja kwa moja: mfumo humtoa tu mchezaji ambaye hakucheza kabisa, na kumwingiza mmoja wa benchi lako. Chukua mfano wa meneja aliyempanga kinda katika kikosi chake cha kwanza kwa sababu klabu ya kinda huyo inacheza na timu dhaifu. Kocha anamwingiza dakika ya 88, naye anapata pointi 1. Wakati huohuo, mchezaji wa kwanza kwenye benchi la meneja huyo ni beki wa bei nafuu aliyecheza dakika zote 90, na timu yake haikuruhusu bao, kwa hiyo ana pointi 2 za kucheza na 4 za kutofungwa, jumla 6. Pointi hizo 6 zinabaki benchi. Kinda yule asingeingia kabisa, zingehesabiwa. Ina maana dakika mbili alizocheza zimempunguzia meneja pointi 5, na hata angeonyeshwa kadi ya njano na kubaki na pointi 0, mfumo usingemtoa. Kwa sababu hiyo nasema bila kusita kwamba kinda anayeingia kila wiki kwa dakika chache ni hatari kwa kikosi chako kuliko yule asiyecheza kabisa.

Sisemi kwamba vijana wa benchi wasichukuliwe. Cole Palmer hakufunga bao hata moja la ligi akiwa Manchester City. Alihamia Chelsea tarehe 1 Septemba 2023, bei yake ya mwanzo wa msimu katika FPL ikiwa pauni milioni 5.0, na alimaliza msimu huo na mabao 22, pasi za mabao 11 na pointi 244, zaidi ya mchezaji mwingine yeyote. Kipaji kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni kwamba alianza kupangwa wiki baada ya wiki, na kuanzia ile mechi ya ugenini dhidi ya Burnley mwezi Oktoba akakabidhiwa penalti, ambazo zilimpa mabao 9 kati ya yale 22. Ishara zote mbili zilionekana wazi kwa aliyekuwa akitazama, na aliyezisubiri hadi Oktoba bado alivuna sehemu kubwa ya pointi zake. Hakuhitaji kubahatisha mwezi Agosti.

Kutokana na hayo, ushauri wangu haujabadilika na sitauacha: usimnunue chipukizi kabla hajaanza mechi mbili za ligi mfululizo wakati mchezaji anayegombea naye nafasi akiwa mzima na yuko benchi. Kuanza kwa sababu mkubwa ameumia si sawa na kuanza kwa sababu kocha amekuchagua. Ukitaka dalili ya mapema zaidi, usitazame mabao yake. Tazama kocha anamwingiza lini. Kijana anayeitwa wa kwanza dakika ya 60 timu ikiwa nyuma anaaminiwa. Kijana anayeingizwa dakika ya 85 timu ikiongoza 3-0 anapewa uzoefu, na uzoefu haulipi pointi. Zingatia pia kwamba muda wa mwisho wa kubadilisha kikosi ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi, yaani kabla vikosi kutangazwa, na kwa Jumamosi nyingi hapa Afrika Mashariki huangukia saa saba au saa nane mchana. Uvumi wa kwenye vikundi vya WhatsApp kwamba "leo anaanza" hauna mahali pa kuthibitishwa ndani ya muda huo.

Dhana: "Mkubwa akiumia, kinda anarithi pointi zake."

Anarithi nafasi, na mara nyingine hata hiyo hairithi, kwa kuwa kocha anaweza kubadili mfumo au kumsogeza mchezaji mwingine. Penalti, kona na mipira ya adhabu kwa kawaida huenda kwa mkongwe aliyebaki. Wanaopinga hunitajia Marcus Rashford, ambaye Februari 2016 aliingizwa kikosini baada ya Anthony Martial kuumia akipasha misuli, akafunga mabao 2 dhidi ya Midtjylland na siku tatu baadaye mengine 2 dhidi ya Arsenal. Ni kweli, lakini watazame kilichofuata: Martial aliporudi, Louis van Gaal, kocha wa Manchester United wakati huo, alikuwa na uwezo wa kumpanga pembeni kushoto, kwa hiyo Rashford alibaki katikati. Swali la kujiuliza mkubwa anapoumia si tu nani ataziba pengo, bali pia kama wote wawili wanaweza kucheza pamoja siku atakapopona. Kama haiwezekani, umenunua mchezaji wa wiki chache.

Dhana: "Amevunja rekodi ya umri, kwa hiyo wakati wake umefika."

Ethan Nwaneri aliichezea Arsenal katika Ligi Kuu akiwa na miaka 15 na siku 181, Septemba 2022 ugenini kwa Brentford. Mechi yake ya pili ya ligi ilikuja Februari 2024.

Dhana: "Anaupiga mwingi, pointi zitakuja."

Kobbie Mainoo alianza kupangwa Manchester United Novemba 2023 na akawa miongoni mwa viungo waliovutia zaidi msimu ule, lakini alimaliza na mabao 3 ya ligi. Kiungo anayepokea mpira mbele ya mabeki wake anaweza kuutawala mchezo mzima bila kukaribia lango. Kabla ya kusifia miguu yake, angalia anagusa mpira sehemu gani ya uwanja.

Dhana: "Mabao matatu katika mechi moja ni uthibitisho."

Evan Ferguson, akiichezea Brighton, aliwafunga Newcastle mara tatu Septemba 2023, akiwa na miaka 18, na mameneja wakamkimbilia. Msimu mzima aliishia na mabao 6. Brighton walikuwa na washambuliaji kadhaa wa kuzungusha, na jambo hilo lilijulikana kabla ya mechi ile kuchezwa.

Dhana: "Ni wa bei ya chini, na bei ikipanda nitapata faida."

Bei ya chini haiondoi gharama nyingine: anachukua nafasi moja kati ya 15, anakula uhamisho mmoja wa kumleta na mwingine wa kumwondoa, na kila uhamisho unaozidi ule wa bure hukata pointi 4, ambazo ni sawa na dakika za mwisho za mechi nne za kinda huyohuyo. Kuhusu faida, FPL hukupa nusu tu ya ongezeko, tena ikishushwa hadi 0.1 kamili iliyo chini yake. Ukimnunua kwa 5.0 akapanda hadi 5.3, utamuuza kwa 5.1.