Devaisi trii ni nini, na kwa nini draiva za LED zinahamia huko

Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, ikiwaka kwenye bodi ndogo kama Raspberry Pi haiwezi kujua yenyewe kwamba umefunga taa ya LED kwenye pini namba 17, maana LED haijitambulishi kama flashi ya USB unapoichomeka. Lazima iambiwe. Hayo maelezo ya nini kipo wapi kwenye bodi ndo yanawekwa kwenye devaisi trii.

Zamani yaliandikwa kwa lugha ya C ndani ya kerneli yenyewe, kila bodi na faili lake, taa inaitwa hivi, pini namba fulani, basi bodi mpya ikitoka faili jipya na kerneli inakompailiwa upya (inageuzwa tena kuwa lugha ya mashine). Kwa chipu za ARM mafaili yalirundikana mpaka mwaka 2011 Linus Torvalds akalalamika hadharani, ndo ARM nayo ikahamia devaisi trii, kitu ambacho chipu za PowerPC na SPARC zilishakuwa nacho siku nyingi kutoka Open Firmware, programu iliyokuwa inaziwasha.

Devaisi trii ni faili la maandishi la .dts, programu ya dtc inaligeuza kuwa .dtb ya kusomwa na mashine, alafu butiloda (programu ya kuwashia bodi) kama U-Boot inalikabidhi kwa kerneli wakati wa kuwaka. Tuseme una shamba la zabibu pale Mpunguzi, Dodoma, umefunga bodi ya kusoma unyevu wa udongo na LED ya kuonyesha pampu inavuta maji. Unaandika nodi (kipande cha faili kinachoeleza kifaa) yenye compatible = "gpio-leds", ndani yake taa yako yenye gpios = <&gpio 17 GPIO_ACTIVE_LOW>. Hilo neno la mwisho usilipite haraka: mguu mmoja wa LED umeunganishwa kwenye volti 3.3 kupitia rezista, kwa hiyo taa inawaka pini ikishuka kuwa 0, ikipanda inazima. Ukiliandika hapo, kerneli inageuza yenyewe, na wewe ukiandika 1 kwenye faili la brightness chini ya /sys/class/leds taa inawaka, full stop, huhitaji kukumbuka waya ulivyofungwa. Kesho ukihamishia waya pini 22 unabadili namba moja kwenye maandishi na kerneli huigusi. Kwa mwanafunzi wa UDOM mwenye laptop ya kawaida na bando la kuungaunga hii ni nafuu kubwa sana, maana kukompaili kerneli nzima kwa ajili ya pini moja ni mateso.

Draiva, yaani kipande cha kerneli kinachoendesha kifaa, ikiwa ya kisasa ni kama fundi umeme anayesoma mchoro wa nyumba, ile ya zamani ni fundi aliyekariri nyumba moja tu.

Ila kuna draiva zimeshahamia devaisi trii na bado zinahitaji kusafishwa. Nyingi zinaita of_property_read_u32, ambayo inasoma devaisi trii tu. Kompyuta nyingi za Intel zinatumia ACPI, njia nyingine ya kuieleza kerneli vifaa vilivyopo, hazina hilo faili kabisa, kwa hiyo draiva ileile kule inakuwa kipofu. Dawa ni device_property_read_u32, inauliza tu "taa hii ina sifa gani?" na jibu linaweza kutoka devaisi trii, ACPI, au hata nodi iliyotengenezwa kwa programu kwa bodi zile za kizamani. Pini nazo ni hivyohivyo, badala ya draiva kubeba namba tupu inaomba pini kwa devm_gpiod_get, na ile habari ya active low inakuja nayo humohumo. Mimi naona hapa ndo penye faida kubwa kuliko pote, kwa sababu ile mistari ya if na else ya kugeuza 0 na 1 inafutika, na makosa mengi yalikuwa yanajificha humo.

Maelezo ya sifa zenyewe nayo yanatolewa kwenye .txt kwenda YAML, maandishi yenye mpangilio maalumu, ili mashine ikague .dts yako kabla hujaiweka kwenye bodi. Majina ya taa pia yamebadilika, saiv unaandika function (kazi ya taa) na color (rangi yake) badala ya label (jina la kujitungia). Ila label bado inasomwa, na usije ukaiondoa kwenye draiva eti ni ya kizamani, maana kuna bodi ziko kazini zina .dtb za miaka mingi ambazo hakuna mtu atakayezibadilisha, na kerneli mpya inatakiwa iziwashie taa zake vilevile.