Maana ya virutubisho vya kudumu baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Virutubisho vya kudumu ni vitamini na madini ambayo aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito huyatumia maisha yake yote. Si vidonge vya kuongeza nguvu, wala si vya kumalizia dozi kidonda kikipona. Vinaziba pengo la kazi ambayo tumbo na utumbo haviwezi tena kuifanya kama zamani.

Katika upasuaji mmoja, kama asilimia 75 hadi 80 ya tumbo hukatwa na kutolewa. Katika mwingine, baipasi, tumbo hubaki kijifuko kidogo, na chakula huruka sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba. Sehemu hiyo ndiyo inayofyonza kwa wingi madini ya chuma na kalsiamu. Vitamini B12 nayo huhitaji asidi pamoja na protini maalumu inayotengenezwa tumboni. Ndiyo maana mtu anaweza kula maharage, maini na maziwa ya Rungwe bila kukosa, na bado damu ikapungua. Tafadhali, ndugu mnaompikia, msimwambie chakula kinatosha.

Kinachowaponza wengi ni muda. Ini huhifadhi B12 ya kutosha kwa miaka kadhaa. Mtu amerudi Mbeya au Iringa, uzito umeshuka, anapanda mlima bila kuhema. Anaacha vidonge kwa kuwa haumwi. Ganzi ya miguu huja baadaye sana, na neva zikishaharibika huenda zisirudi zilivyokuwa. Vitamini B1 haisubiri hivyo: ukitapika mfululizo inaweza kuisha ndani ya wiki chache na kudhuru ubongo. Kutapika kwa namna hiyo ni kwa kuwahi hospitali, si kwa kuvumilia.

Namna ya kumeza ina uzito wake. Kalsiamu kwa kawaida ni miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, lakini isizidi 600 kwa mara moja, na aina ya kalsiamu iitwayo sitreti hufyonzwa vizuri zaidi kuliko aina ya kaboneti. Ipishanishe na vidonge vya kuongeza damu, yaani vya madini ya chuma, kwa saa 2, maana kalsiamu huzuia chuma kufyonzwa. Chai nayo huzuia, hata hii yetu ya Mufindi na Tukuyu tunayoinywa kwa ajili ya baridi. Chuma kimeze kwa maji au juisi ya chungwa, chai ije baadaye.

Dawa nyingine pia hubadilika. Dozi za presha na kisukari mara nyingi hupunguzwa mapema, na daktari, si wewe mwenyewe. Vidonge vya uzazi wa mpango huenda visitegemeke baada ya baipasi. Omba njia nyingine. Nalisisitiza hili kwa wanaorudi shamba wakiumwa mgongo: diklofenaki na ibuprofeni huleta vidonda tumboni, hasa pale utumbo ulipounganishwa. Mwambie muuzaji wa duka la dawa kwamba ulifanyiwa upasuaji huo kabla hajakupa chochote cha maumivu. Parasetamoli ndiyo salama zaidi.

Damu hupimwa mara kadhaa mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka, hata ukiwa mzima kabisa.