Je, wajua kwa nini fuwele ya protini (molekuli zake zikiwa zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia) hupigwa mwale hafifu kwenye mtambo wenye mwale mkali?

Mtambo huo, sinkrotroni, huzungusha elektroni kwa kasi inayokaribia ya mwanga, nazo zikipindishwa na sumaku hutoa eksirei kali ajabu. Mojawapo ya mitambo hiyo ni Diamond, kusini mwa Oxford, Uingereza. Nyingine ni ESRF iliyoko Grenoble, Ufaransa. Watafiti hupeleka huko fuwele za protini ili wajue atomi zake zimepangikaje.

Wengi hudhani ukiachia mwale wote, picha itatoka safi zaidi. Wengine huongeza kwamba fuwele imeshagandishwa hadi nyuzi joto -173 za Selsiasi, kwa hiyo haidhuriki. Kugandisha kunasaidia kweli, kwa makumi ya mara, lakini kunachelewesha madhara tu.

Tazama hesabu yenyewe. Fuwele yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita ikipigwa eksirei ya kawaida ya kazi hii, karibu fotoni (chembe za mwale) 98 katika 100 hupita bila kugusa kitu. Katika zile chache zinazogusa, takriban moja tu kati ya 12 hutawanyika na kuleta habari. Karibu zote zilizobaki humwaga nishati humo ndani na kuvunja vifungo.

Kwa hiyo dozi, yaani nishati ya mwale ambayo fuwele inaweza kumeza, ni kama bando lisiloongezeka: ukilimaliza kwenye video ya kwanza, huna la kufungulia ya pili. Na fuwele lazima izungushwe ipigwe pande nyingi, kwa hiyo pembe ya mwisho inahitaji salio sawa na ya kwanza.

Kikomo cha dozi kinachotajwa sana, cha mwaka 2006, ni grei milioni 30; grei ni kipimo cha nishati ya mionzi inayomezwa. (Binadamu, grei 5 mwili mzima zaweza kumuua.) Ila kikomo hicho kilipimwa kwa fuwele za feritini, protini inayohifadhi chuma, na si ahadi kwa kila protini. Vifungo vya salfa kwa salfa hukatika mapema zaidi, na metali kama chuma zilizo ndani ya vimeng'enya hubadilika mapema kuliko hata vifungo hivyo.

Upangaji wa kazi huanza na picha chache za majaribio, mara nyingi mbili zilizoachana nyuzi 90. Hizo huonyesha ulinganifu wa fuwele, na ulinganifu ndio unaosema izungushwe nyuzi ngapi. Zamani vigunduzi, vifaa vinavyonasa eksirei zilizotawanyika, viliongeza kelele kila viliposomwa, hivyo watu walipiga picha chache zenye nguvu. Vya sasa, kama Pilatus, huhesabu fotoni mojamoja. Ndipo unapokuta mtu anakusanya picha 3,600, kila moja ya nyuzi 0.1, na ukifungua mojawapo unaona vidoa vichache kwenye weupe mtupu. Kompyuta ikizijumlisha, data ni nzuri.

Anayetaka kuona chuma cha kimeng'enya katika hali yake halisi hubana zaidi: hugawa kazi kwa fuwele kadhaa, kila moja ikitoa nyuzi chache tu kisha inawekwa kando.