King'ora kikipita, kamera inaona nini?

Simama pale Buxton, Mombasa, ambulensi inapotoka Daraja la Nyali kuingia kisiwani. Ikija, king'ora kinalia kwa sauti nyembamba. Ikishakupita tu, sauti inashuka na kuwa nzito. Dereva hajagusa kitu. Mawimbi ya sauti yanabanana mbele ya gari, na nyuma yanaachana.

Kamera ya mwendo ya rada inatumia hali hiyohiyo, ila kwa mawimbi ya redio. Inayatuma, yanagonga bati la gari, yanarudi yakiwa yamebadilika. Kwa rada ya gigahezi 24 (mitetemo bilioni 24 kwa sekunde), gari la kilomita 50 kwa saa linaleta tofauti ya mitetemo kama 2,200 kwa sekunde; la kilomita 80, kama 3,600. Rada inasoma tofauti hiyo tu. Kimulimuli juu ya paa hakiiambii rada chochote, na ambulensi inapimwa sawa na matatu ya Bamburi.

Kinachoiokoa ambulensi ni sheria. Mwisho wa mwendo mjini ni kilomita 50 kwa saa, lakini gari la zimamoto, la wagonjwa au la polisi linaruhusiwa kuzidisha likiwa kazini, pale ambapo kufuata kiwango hicho kungeikwamisha kazi yenyewe. Ruhusa inakwenda na kazi. Ambulensi iliyotumwa kuleta vitafunio vya mkutano (msicheke) haina haki hiyo, hata iwashe taa zote.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wale wa nyuma. Ambulensi ikifungua njia, utaona gari dogo limejibandika mkiani, taa za hazadi zinawaka, nalo linajifanya msafara. Namba yake inanaswa kama ya mwengine yeyote, na "nilikuwa namfuata mgonjwa" si kitu kinachomtoa. Ila faini ndiyo hasara ndogo. Kwa kilomita 80 gari linakula mita 22 kila sekunde. Dereva wake akichukua sekunde moja na nusu tu kushtuka, ameshakwenda mita 33 kabla ya kukanyaga breki. Na waliokuwa wamesogea kando wanarudi barabarani papo hapo, kwa sababu hakuna aliyetarajia gari la pili. Tuktuk ndiyo ya kwanza kurudi.

Wapo pia wanaoikimbia: wakisikia king'ora nyuma wanakanyaga mafuta ili "wasimzuie". Huyo anazidisha mwendo bila ruhusa yoyote, na bado yuko mbele ya mgonjwa.

Daraja la Nyali lina leni sita, tatu kila upande. Ukisikia king'ora ukiwa juu yake, usifunge breki ghafla. Tazama kioo, weka indiketa, ingia leni ya kushoto kabisa, punguza mwendo pole pole. Ikishapita, tazama kioo tena kabla hujarudi: huenda kuna ya pili.