Mbegu za kitani: maswali ya wanaoanza kuzitumia

Ni mbegu gani hizi? Naziona supamaketi zimekaa karibu na chia.

Ni mbegu za mmea uleule ambao nyuzi za shina lake hufumwa vitambaa vya kitani. Ni bapa, zinateleza na kung'aa, za kahawia au za rangi ya dhahabu. Lishe ya rangi zote mbili inakaribiana, kwa hiyo chukua iliyo nafuu. Majirani zetu wa Ethiopia wanazijua siku nyingi: huzikaanga, wakazisaga, kisha wakakoroga unga wake na maji kuwa kinywaji kiitwacho telba.

Mwilini zinasaidia nini?

Kijiko kimoja cha chakula cha unga wake, yaani gramu 7 hivi, kina takriban gramu 2 za nyuzinyuzi na gramu 1.6 za omega-3 ya mimea (aina ya mafuta yenye faida mwilini), kwa kalori 37 tu. Nyuzinyuzi zake hulainisha choo, na sehemu inayogeuka ute husaidia kupunguza kidogo lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu.

Kwenye presha kuna ushahidi wa kutajwa. Mwaka 2013 watafiti wa Kanada walitoa matokeo ya wagonjwa 110 wenye mishipa ya miguu iliyoziba, waliofuatiliwa kwa miezi 6. Waliokula gramu 30 za mbegu zilizosagwa kila siku, namba ya juu ya kipimo chao cha presha ilishuka kwa takriban pointi 10 ukilinganisha na wenzao wasiozila. Hiyo si haba. Lakini gramu 30 ni vijiko vinne vya chakula vilivyojaa, na wengi wa wagonjwa wale walikuwa wanaendelea kumeza dawa zao. Mtu akikwambia uache vidonge vya presha kwa sababu umepata mbegu, usimsikilize.

Nazitafuna nzima na sioni tofauti yoyote. Kwa nini?

Zina ganda gumu. Nyingi hupita tumboni na kutoka kama zilivyoingia. Saga! Blenda ya kawaida inatosha, ikiwa kavu kabisa, au kinu kama unacho. Saga za siku chache tu, weka kwenye chupa yenye mfuniko unaobana, hifadhi kwenye friji. Ukisikia harufu ya rangi ya mafuta, zimeshaharibika, tupa.

Nile kiasi gani, na vipi?

Anza na kijiko cha chai kwa siku, halafu panda taratibu hadi kijiko kimoja au viwili vya chakula. Ukianza na vingi tumbo litajaa gesi. Nyunyiza kwenye uji ukikaribia kuiva, kwenye mtindi, au changanya kwenye unga wa chapati. Na maji, tafadhali: unga huu hufyonza maji mengi, na bila maji ya kutosha utafunga choo badala ya kukilainisha.

Usizile mbichi kwa wingi. Zina kemikali za jamii ya zile za muhogo mchungu, zinazoweza kutoa sianidi. Kiasi kidogo hakina shida kwa mtu mzima mwenye afya, na kuzikaanga au kuzipika hupunguza kemikali hizo.

Kwetu dagaa hawakosi. Bado nazihitaji?

Kwa omega-3 peke yake, hapana. Ile ya mimea mwili huigeuza kwa kiasi kidogo sana kuwa ya aina inayopatikana moja kwa moja kwenye samaki. Dagaa ni rahisi kupata na mara nyingi ni nafuu kuliko pakiti hizi. Ila dagaa hawana nyuzinyuzi.

Nani aongee na daktari kwanza?

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, dawa za kisukari au za presha. Mjamzito na anayenyonyesha. Aliyewahi kuziba utumbo. Na mwenye saratani ya matiti, kwa kuwa mbegu hizi zina lignani, ambazo hufanana kidogo na homoni ya estrojeni. Dawa zozote za kumeza ziachanishe na unga huu kwa saa moja au mbili, maana ute wake unaweza kuchelewesha dawa kuingia mwilini.

Na mafuta yake ya chupa?

Yana omega-3 nyingi, lakini nyuzinyuzi hayana. Usikaangie; joto huyaharibu. Mwagia kwenye kachumbari. Kwa bei yake, binafsi ningenunua mbegu.