Je, wajua kwa nini timu ya NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, ikiondokewa na kwotabeki wake gwiji haiendi tu kununua mwingine?

Dan Marino aliichezea Miami Dolphins misimu 17, kuanzia 1983, akatundika daluga Machi 2000. Desemba ya mwaka huohuo timu ikaifunga Indianapolis kwenye mtoano, na mpaka naandika hapa hiyo ndo mechi ya mwisho ya mtoano waliyoshinda, robo karne imekatika, makocha wameingia na kutoka, na makwotabeki waliopita pale ukimwambia shabiki wao awataje wote anaishia njiani. Na Miami si mahali pa kukimbiwa, kuna bahari, kuna jua, na jimbo la Florida halina kodi yake kwenye mshahara, yaani mchezaji akilipwa pesa ileile anabaki na kubwa kuliko angekuwa New York. Sasa inakuwaje?

Kwa wasioufuatilia huu mpira wa Kimarekani, haraka haraka: kwotabeki ndo anayepokea mpira karibu kila timu yake inaposhambulia, halafu ndani ya sekunde mbili tatu anaamua aurushe kwa nani au amkabidhi mwenzake akimbie nao. Kikosi kina watu 53 ila kwenye hiyo nafasi anacheza mmoja. Ukiwa na mawinga wawili wazuri unawachezesha wote, ukiwa na makwotabeki wawili wazuri mmoja anakaa benchi. Hilo la benchi tutalirudia.

Sisi tuliokulia kwenye ligi za Ulaya jibu letu la kwanza ni lilelile: si wakanunue? Cristiano Ronaldo alipoondoka Real Madrid 2018, mwaka uliofuata klabu ikaenda Chelsea ikamwaga zaidi ya euro milioni 100 kwa Eden Hazard. Hazikusaidia, tunajua wote, lakini soko lilikuwepo, mwenye hela akaingia akachagua. NFL soko la namna hiyo halipo. Hakuna ada ya uhamisho, timu haiwezi kwenda kwa jirani na milioni 100 mkononi ikasema tupeni huyo. Juu ya hapo kuna kikomo cha mishahara kilichoanza 1994, kwa 2024 kilikuwa dola milioni 255.4 kwa kila timu kwa wachezaji wake wote, awe tajiri wa mafuta au nani ni hiyohiyo. Kuna ujanja wa kusogeza malipo ya mwaka huu yahesabiwe mbele, ila hilo ni deni tu, siku yake inafika.

Halafu, na hapa ndo watu wengi huwa hawafiki, kwotabeki mzuri karibu hafiki sokoni kabisa. Mkataba ukikaribia kuisha timu yake inamwongeza, na akigoma kuna sheria inayoiruhusu timu kumfunga mwaka mmoja zaidi kwa mshahara mkubwa, atake asitake. Kwa hiyo ukimkuta kwotabeki mwenye jina kubwa yuko huru, jiulize kwanza ana nini. Ni mzee, au ameumia, au wamegombana. Denver walimchukua Peyton Manning 2012 akiwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa shingo na msimu mzima hajacheza, ikalipa, wakabeba Super Bowl, yaani fainali ya ligi, ya Februari 2016. Denver haohao 2022 wakamchukua Russell Wilson kutoka Seattle kwa rundo la wachezaji na machaguo ya drafti (zamu za kuchagua vijana, tutafika huko), misimu miwili wakaachana naye, na kumwacha peke yake kukawagharimu dola milioni 85 kwenye hesabu ya kikomo, yaani milioni 85 za mtu ambaye hayupo.

Miami yao inauma zaidi. 2006 walikuwa na watu wawili wa kuchagua, Drew Brees aliyekuwa ameumia bega na Daunte Culpepper aliyekuwa ameumia goti. Madaktari wa timu wakaliogopa bega. Wakaenda na goti. Culpepper akacheza mechi nne msimu huo, Brees akaenda New Orleans, na Februari 2010 akabeba Super Bowl, ambayo mwaka huo ilichezwa wapi? Kwenye uwanja wa Dolphins.

Basi kama kununua haiwezekani, wanapatikana wapi? Wengi wanatoka kwenye drafti (si ile ya vizibo vya soda), ambapo kila mwaka timu 32 zinagawana vijana wanaotoka vyuo vikuu, siku hizi raundi 7, utaratibu wenyewe ulianza 1936. Fikiria soko la mitumba alfajiri, belo linafunguliwa. Wa kwanza kuinama anaondoka na gredi wani, zile kule Gikomba wanaziita kamera, wa mwisho anakuta mashati yasiyo na vifungo. Sasa ongeza sheria moja ya ajabu: aliyeuza sana jana leo anasimama mwisho wa foleni, na aliyerudi nyumbani mikono mitupu ndo anainama wa kwanza. Hela haikusogezi mbele, unachoweza ni kubadilishana nafasi, unampa mwenzako zamu yako ya leo na ya kesho ili akuachie yake nzuri moja. Na ndani ya belo zima koti zuri kweli ni mawili matatu, mengine ni matumaini. Wewe una muuzaji hodari ajabu, kila siku banda lako linaongoza, kwa hiyo miaka 15 kila alfajiri uko nyuma kabisa na koti zuri unaliona tu likiondoka na mwingine. Siku muuzaji wako anaaga, unakimbilia sokoni, na bado uko nyuma, maana foleni inapangwa kwa mauzo ya jana, ambayo ni yeye aliyauza.

Hapo ndo penye jibu. Gwiji mwenyewe ndo anafanya mrithi wake asipatikane. Kadiri anavyoibeba timu ndivyo anavyoisukuma mwisho wa foleni, bingwa anachagua wa 32. Ile hadithi ya kwamba viatu vyake ni vikubwa, mrithi anaingia na presha, mashabiki wanamlinganisha, ipo, sikatai, lakini mara nyingi aliyevaa hivyo viatu hakuwa wa kiwango hicho tangu mwanzo, alikuwa tu kile kilichobaki kwenye belo.

Njia za kutoka zipo. Unaweza kuanguka vibaya mwaka unaofaa, kama Indianapolis: Manning, aliyekuwa kwao kabla ya kwenda Denver, shingo ilipomweka nje 2011 timu ikaishia ushindi 2 na vipigo 14, ikapewa chaguo la kwanza, na kwenye belo la 2012 alikuwemo Andrew Luck. Bahati ya mtende. Ila Luck naye majeraha yalimchosha akaacha mpira Agosti 2019 akiwa na miaka 29, mashabiki wakamzomea uwanjani habari zilipovuja, na toka hapo msimu wa 2019 hadi wa 2023 kila mwaka timu ilifungua ligi na kwotabeki tofauti, watu watano miaka mitano. Unaweza pia kuruka foleni kwa kulipa. Kansas City 2017 walikuwa nafasi ya 27, wakatoa hiyo, chaguo la raundi ya tatu, na chaguo lao la kwanza la mwaka uliofuata, wakapanda mpaka ya 10, wakamchukua Patrick Mahomes.

Ya tatu ndo ya Green Bay, na hii mimi ndo inayonifurahisha kuliko zote kwa sababu inaonekana kama wazimu. Green Bay ni mji wa watu kama laki moja, timu inamilikiwa na wanahisa zaidi ya 500,000 ambao hawapati hata senti ya gawio. 2005 walikuwa na Brett Favre, miaka 35, mchezaji bora wa ligi mara tatu mfululizo miaka ya tisini, bado yuko fiti. Aaron Rodgers alikuwa anatajwa kuwa huenda akachaguliwa wa kwanza kabisa, akakaa kwenye chumba cha kusubiri kamera zikimmulika, majina 23 yakaitwa kabla yake, na Green Bay waliokuwa wa 24 na hawana shida ya kwotabeki kabisa wakamchukua. Akakaa benchi misimu mitatu. 2008 Favre akastaafu kwa machozi, miezi michache mbele akataka kurudi, timu ikamtuma New York Jets. Mashabiki wakawaka, msimu wa kwanza Rodgers akashinda 6 akapoteza 10, wakawaka zaidi. Msimu wa 2010 akawaletea Super Bowl.

Miaka 15 baada ya kumchagua Rodgers wakarudia sinema ileile. 2020, Rodgers ana miaka 36, timu imetoka kushinda 13 na kupoteza 3, na badala ya kumtafutia mtu wa kudaka pasi zake wakapanda kutoka nafasi ya 30 mpaka 26 wakamchukua Jordan Love. Misimu mitatu benchi. Rodgers akakasirika, akajibu kwa kuwa mchezaji bora wa ligi mara mbili mfululizo, 2020 na 2021, halafu Aprili 2023 naye akapelekwa wapi? Jets. Love akaanza kucheza, ushindi 9 vipigo 8, akaenda Dallas kwenye mtoano akawapiga 48 kwa 32, na Julai 2024 akasaini miaka minne ya dola milioni 220.

Kinachowezesha hii ni bei. Kijana wa nafasi hiyo ya drafti mkataba wake umepangwa na makubaliano ya ligi, Love miaka minne ya mwanzo ilikuwa takriban dola milioni 12 jumla, kwa hiyo unaweza kumlipa gwiji na kumweka kijana pembeni bila kupasua kikomo. Ukisubiri mpaka wote wawili wawe na mishahara ya wakubwa haiwezekani tena. Na si bure hata hivyo. Januari 2021 Green Bay walifungwa nyumbani 31 kwa 26 na Tampa Bay, hatua moja kabla ya Super Bowl, na chaguo lao la kwanza la msimu huo hakuwa hata kwotabeki wa pili, alikuwa wa tatu. Mtu mmoja wa kukimbia na kudaka siku ile pengine... basi tu.

Sasa watu wakiona Rodgers na Love wanasema siri ni benchi, kijana akikaa miaka mitatu anaiva. Hapa tuende polepole. Manning na Luck waliingizwa siku ya kwanza na wakawa wakubwa, Mahomes alikaa mwaka mmoja, na waliokaa benchi wakaozea hukohuko ni wengi ila hakuna anayewaandikia makala. Watu wawili wa timu moja si ushahidi. Benchi inaweza kuwa inafundisha, au inaweza kuwa ni mahali tu pa kumhifadhi mtu uliyempata mapema. Na wanaosema siri ni kutokuwa na mmiliki mmoja mwenye haraka wakumbuke kwamba timu hiihii ya wanahisa, baada ya kwotabeki wao gwiji wa zamani, Bart Starr, kustaafu, 1974 ilitoa machaguo matano ya drafti, mawili ya raundi ya kwanza, kumpata kwotabeki John Hadl aliyekuwa na miaka 34. Kati ya msimu wa 1968 na wa 1992 iliingia mtoano mara mbili tu.

Tena hata hii njia ina saa inayohesabu. New England walijaribu: 2014 Tom Brady akikaribia miaka 37 wakamchukua Jimmy Garoppolo raundi ya pili. Tatizo Brady akakataa kuzeeka. Oktoba 2017 mkataba wa kijana ulikuwa unaisha, mzee wa miaka 40 bado ndo bora ligi nzima, ikabidi kijana aende San Francisco kwa chaguo moja la raundi ya pili. Brady akaondoka 2020, wakabaki bila wote wawili.

Utauliza, mbona Brady mwenyewe alichaguliwa wa 199, na Starr wa 200, foleni ina maana gani basi? Ina maana kwamba hata waliowapata hawakujua wamepata nini, wangejua wasingesubiri mpaka huko. Mwaka 2000 makwotabeki sita walichaguliwa kabla ya Brady. Mmojawapo alichukuliwa na San Francisco, ambao kwotabeki wao Steve Young alikuwa ndo anawaondokea, nafasi ya 65, jina lake Giovanni Carmazzi, na hakuwahi kucheza hata mechi moja ya ligi. Brady alizaliwa San Mateo, pua na mdomo na hapo, na utotoni timu yake ilikuwa San Francisco. New England nao hawakungoja 199 nyingine ishuke toka mbinguni: baada ya Brady walichechemea mpaka msimu wa 2023 wakashinda mechi 4 tu kati ya 17, wakasogezwa mbele ya foleni, na kwa chaguo la tatu wakamchukua Drake Maye.